Kwa Nini Kaa wa Mikokoni Anapunga Mkono

Mkifika mikokoni wakati maji yamekupwa, msikimbilie mbele. Chuchumaeni, nyamazeni, mvumilie kidogo. Mwanzoni tope litaonekana tupu. Kisha kitundu kimoja kitatoa macho mawili, na kingine, na kingine, mpaka pote pamejaa kaa wadogo wasiozidi kifungo cha koti. Watazameni vizuri. Kila dume ana gando moja dogo analochotea tope na kulipeleka mdomoni, na gando jingine kubwa kupita kiasi, karibu sawa na mwili wake wote, ambalo halimsaidii kula hata kidogo. Hilo analinyanyua na kulishusha, analinyanyua na kulishusha, kama mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya maji.

Zamani hapakuwa na kaa wa namna hiyo. Kaa wa matopeni wote walikuwa na magando mawili madogo yaliyo sawa, walikula kwa yote mawili, na hawakumpungia mtu. Hilo gando kubwa lina habari yake, na habari hiyo inaanzia kwa mtu mmoja wa kijiji cha Mkiani, jina lake Vuai.

Katika siku hizo watu wa Mkiani walikuwa na desturi ya kwenda dago. Mara moja kwa mwaka, bamvua kubwa lilipokaribia, yaani zile siku ambazo bahari hujaa kupita kawaida na kukupwa kupita kawaida, kila familia ilifunga mizigo na kuhamia kwenye kisiwa chake kwa siku saba. Walipakia mtumbwini vyungu, mikeka, mitego na magunia ya chumvi, wakaweka watoto juu ya mizigo, wakaenda. Huko walijenga kibanda cha makuti, wakavua, wakaokota, wakakausha, na kurudi na kitoweo cha miezi mitatu. Watoto waliingoja safari hiyo kuliko sikukuu. Mkiani mtoto aliyeulizwa umri wake alijibu kwa kuhesabu madago aliyokwenda.

Vuai alikuwa na mke, Mize, na watoto wawili. Pandu, wa kiume, alikuwa na madago tisa. Mwatima, wa kike, alikuwa na matatu, na hakukubali kubebwa. Alikuwako pia mama yake Vuai, Bi Mkasi, mwanamke mwembamba mwenye macho makali, aliyeisoma bahari kama wengine wasomavyo uso wa mtu.

Kisiwa chao cha dago kilitazamana na Fungu Mbali. Lilikuwa fungu refu la mchanga ambalo bamvua likikupwa huibuka lote, jeupe, limejaa kombe na chaza wa kila aina. Wazee wa kale walisimamisha huko uzio wa kutegea samaki, wenye nguzo nene za mkoko. Nguzo zile zilikuwa ndefu, na hata maji yakijaa kabisa vichwa vyake vilibaki juu, ndege wakitua. Kutoka kisiwani watu walikwenda kwa miguu, wakivuka mkondo mmoja ambao maji yakikupwa uliwafika magotini.

Mkondo huo ndio uliokuwa na hila. Maji yalipogeuka, hayakuanza kujaa upande wa bahari ambako wachimbaji waliyaona. Yalianza kwa kuzunguka nyuma yao, kimya, yakaujaza mkondo kwanza. Mtu aliyeinama anachimba angeinua kichwa akaona mchanga mkavu pande zote, akadhani bado ana nafasi, kumbe njia ya kurudi imeshafungwa. Na kumwita hakukusaidia, kwa sababu upepo wa pale ulitoka baharini na kuirudisha sauti kwa mwenyewe.

Kwa hiyo kila familia iliacha mlinzi wa maji upande wa kisiwa chake. Mlinzi alichomeka kijiti chenye mikato mitatu pale chini kabisa, mdomoni mwa mkondo, akasimama na kitambaa cheupe mkononi. Maji yakifika mkato wa kwanza, alipunga, na wachimbaji wakafunga vikapu. Yakifika wa pili, alipunga tena, na wakaondoka. Mkato wa tatu haukuwa na ishara. Ulikuwepo tu ili mtu ajue.

Kwa familia ya Vuai mlinzi alikuwa Bi Mkasi, mwaka baada ya mwaka. Alisimama tangu maji kukupwa hadi kujaa, hakuketi, hakula, hakukiondolea jicho kile kijiti. Na jioni, chaza walipogawanywa, yeye alipewa wa mwisho, wale waliovunjika magamba. Vuai hakuona kwamba kuna la kusemwa. Yeye alikuwa mchimbaji, na Mkiani nzima walijua hivyo. Mikono yake ilikuwa mipana, yenye makovu ya magamba, na ilijua kombe alipo kabla ya macho kuona kitundu chake mchangani. Watu walimsifia mikono ile mbele ya watoto wake, naye aliwaachia waseme.

"Kuangalia maji nayo ni kazi?" alizoea kusema. "Hata mkoko unaangalia maji."

Mwaka huo safari ilikuwa nzuri tangu mwanzo. Njiani Pandu alivua changu mkubwa kwa mshipi wa mkono, na Mwatima akadai kwamba samaki yule alikuwa wake kwa sababu yeye ndiye aliyemwona kwanza akiwa ndani ya maji. Walibishana mpaka wakafika. Siku mbili za kwanza walivuka kwenda Fungu Mbali na kurudi na vikapu vinavyovuja maji ya chumvi migongoni mwao. Pandu alikuwa anapanda nguzo za uzio na kukaa juu kama ndege, mama yake akimwambia ashuke, yeye akijibu kwamba anaangalia kama kuna papa.

Asubuhi ya tatu Bi Mkasi aliamka magoti yamevimba. Alijaribu kusimama, akakaa tena.

"Mwanangu," alimwambia Vuai, "leo usimame wewe kwenye kijiti."

"Mie?" Vuai alitazama mikono yake, kama vile ndiyo iliyotukanwa. "Mama, leo ndiyo siku ya bamvua lenyewe. Mwaka mzima naingoja leo. Asimame Mize."

"Mize hajui kusoma mkondo huu. Wewe nimekufundisha tangu huna meno."

Mize alikuwa anafunga kanga yake kiunoni. Alicheka. "Mwache mume wangu apumzike, Mama. Leo ndiyo tutajua nani mchimbaji na nani maneno. Baba Pandu, mimi narudi na vikapu viwili. Wewe utakula upepo."

"Leo Baba ndiye bibi!" Pandu akapiga kelele, na Mwatima akairukia ile kauli kama mpira, akawa anazunguka kibanda akiimba, "Baba kawa bibi! Baba kawa bibi!" Hata Bi Mkasi alicheka, pamoja na maumivu ya magoti yake.

Vuai naye alicheka, lakini lile neno lilimchoma na likakaa. Alichukua kitambaa, akachukua kijiti. Mama yake alimshika ukingo wa shuka alipokuwa anatoka.

"Pale pale ninapokichomeka mimi," alisema. "Mdomoni mwa mkondo. Shimo lake utaliona. Na usikae."

"Nimesikia, Mama."

Alikichomeka pale pale. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu ni kweli. Aliwavusha mkondo, maji yakiwafika magotini. Mwatima alikataa mkono wake, akavuka peke yake ameinua kikapu chake kidogo juu ya kichwa. Kisha Vuai alirudi akasimama, akawatazama wakienda, wakipungua, mpaka wakawa nukta tatu juu ya weupe wa mchanga.

Alisimama muda mrefu. Jua lilipanda. Ng'ambo ile nukta tatu ziliinama, zikainuka, zikasogea, zikainama tena, naye aliona kwa jinsi Mize alivyoinama kwamba kikapu cha kwanza kimejaa. Mikono yake iliwasha. Aliifungua, akaifumba. Akajiona amesimama mfano wa mkoko.

Ndipo alipotazama nyuma yake. Hatua kama ishirini kutoka pale, juu kidogo, mizizi ya mikoko ilikuwa imefunuliwa na bamvua kuliko miaka yote, na juu ya mizizi ile chaza walikuwa wamebanana, wakubwa kama kiganja. Mtu angeweza kujaza kikapu bila kuvuka maji. Vuai alifikiri atakavyowatokea akiwa na kikapu chake kimejaa, na atakavyomuuliza Mwatima: haya, nani bibi sasa?

Alikwenda, akabandua mmoja. Akageuka kutazama kijiti. Akabandua wa pili, akageuka. Kila alipogeuka alipoteza mahali pake kwenye mzizi, na kila alipogeukia mzizi alipoteza kijiti. Akaona kazi haiendi. Basi akafanya jambo ambalo lilionekana dogo kabisa. Alishuka, akaking'oa kijiti, akapanda nacho, akakichomeka pembeni mwa mizizi ile, karibu na goti lake.

Kijiti ni kile kile, alijiambia. Mikato ni ile ile. Sasa nakiona vizuri kuliko alivyokiona Mama.

Akakishika kitambaa kwa mkono wa kulia, tayari kwa kupunga, na kwa mkono wa kushoto akabandua chaza. Mkono mmoja ni wa kuita, alisema moyoni, na mmoja ni wangu. Wengine aliwapasua papo hapo akawala, kwa maana alikuwa na njaa. Na kwa kweli hakuacha kukitazama kijiti. Alikitazama kila baada ya chaza mmoja, na kila alipokitazama kilikuwa kikavu.

Kilikuwa kikavu kwa sababu kilikuwa juu. Huko chini, katika lile shimo tupu alilofundishwa tangu hana meno, maji yalikuwa yamepita mkato wa kwanza, yakapita wa pili, yakapita wa tatu, na hapakuwa na mkato wowote pale wa kuyaonyesha.

Maji yalipogusa mkato wa kwanza karibu na goti lake, aliinuka kwa utulivu, akanyanyua kitambaa, akapunga. Ng'ambo, Mize alimwona. Aliinua kikapu juu kumwonyesha kwamba ameona, na pia kwamba kikapu kimejaa, kisha akainama kukifunga, bila haraka, kama alivyofanya siku zote, kwa kuwa ishara ya kwanza ilikuwa ya kufunga. Vuai akatabasamu. Akageuka kuchukua kikapu chake mwenyewe, na hapo ndipo alipoutazama mkondo.

Haukuwa mkondo tena. Ulikuwa bahari inayokwenda.

Alipiga kelele mpaka koo likauma, na upepo ukamrudishia kelele zake. Alikimbilia mtumbwi. Mtumbwi ulikuwa umelala juu ya tope kavu mikokoni, pale walipouacha, mzito wa kusukumwa na watu sita, na maji yalikuwa bado hayajaufikia. Alisukuma peke yake mpaka ngozi ya bega ikachanika. Haukusogea hata kidole. Akarudi mbio, akajitupa mkondoni aogelee, na mkondo ukamchukua kama jani, ukamtupa ubavuni mwa kisiwa kule kule alikotoka. Akajitupa tena. Ukamtupa tena.

Aliposimama mara ya tatu, aliwaona wamefika ukingo wa pili. Walikuwa karibu kiasi kwamba aliona kanga ya Mize imelowa hadi kifuani. Vikapu alikuwa ameviacha. Mwatima alikuwa mabegani mwake. Pandu alikuwa anamvuta mama yake mkono na kuonyesha nyuma, kwenye uzio, kwenye zile nguzo ndefu alizozoea kukaa. Mize aligeuka akazitazama nguzo. Kisha akageuka akamtazama mumewe. Alisimama hapo katikati ya mambo mawili, akingoja kuambiwa.

Lau Vuai angeuteremsha mkono! Lau angeonyesha nguzo! Wangepanda, wangezikumbatia, na maji yangekuja yakaunyanyua mtumbwi kule mikokoni, naye angeusukuma kwa mti wa pondo akawachukua mmoja mmoja, wanalia, wana baridi, wazima. Haya yote aliyajua baadaye. Aliyajua kila siku iliyobaki ya maisha yake. Lakini wakati ule hakujua kitu isipokuwa kwamba anawataka karibu. Akanyanyua mkono wa kulia, akapunga. Njooni. Njooni. Njooni.

Mize aliuamini mkono ule. Aliingia majini.

Maji yalipoufikia mtumbwi, Vuai aliupiga pondo akazunguka Fungu Mbali mpaka hapakuwa na fungu, ila vichwa vya nguzo na ndege juu yake. Alipata kikapu kidogo cha Mwatima kinaelea. Ndani yake mlikuwa na kombe watano na jiwe jekundu aliloliokota kwa uzuri wake.

Maji yalipokupwa tena, Bi Mkasi alijikokota hadi mikokoni kwa magoti yake. Aliona kijiti kilipo. Akaangalia kushoto kwake, akaona magamba ya chaza, yamepasuliwa, bado mabichi. Hakuhitaji kuulizia kitu. Alikaa chini juu ya tope, pale ambapo miaka yote alikuwa amesimama.

Watu wa Mkiani walikuja kuwachukua baada ya siku tano. Vuai alikataa kupanda chombo. Kila maji yalipokupwa alishuka matopeni, akasimama akitazama Fungu Mbali, akinyanyua mkono wa kulia na kuushusha. Walimshika wakamlaza, akawatoroka. Walimwachia wali na maji, wakaukuta wali umeoza. Alichokula ni tope, analichota kwa mkono wa kushoto, kidogo kidogo, bila kuliangalia, huku wa kulia ukipunga.

Siku moja Bi Mkasi aliomba apelekwe kwake. Walimsimamisha mbele ya mwanawe, naye akamtazama kwa muda. Vuai alikuwa amepungua. Mwili wake ulikuwa umekauka na kujikunja, umekuwa rangi ya tope, na mkono wake wa kushoto umenyauka kama kijiti. Wa kulia peke yake ndio uliokuwa umenenepa kwa kazi.

"Mama," alisema Vuai, "hawajaniona. Nikipunga vizuri wataniona."

Bi Mkasi aliutazama ule mkono wa kulia ukipanda na kushuka.

"Sasa unapunga vizuri, mwanangu," alisema. "Sasa hukosi hata mara moja."

Akageuka, akawaambia wamrudishe. Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwa mwanawe, na hakuna aliyemlaumu, na hakuna aliyeweza kuyasahau.

Bamvua lililofuata, waliokwenda kumtazama walikuta kitambaa cheupe kimelala juu ya tope. Walipokiinua, chini yake palikuwa na kitundu, na mlangoni mwa kitundu kaa mdogo, rangi ya tope, mwenye gando moja dogo na moja kubwa. Hakuwakimbia. Alichota tope, akala. Akanyanyua gando kubwa kuelekea Fungu Mbali, akalishusha, akalinyanyua.

Aliishi miongoni mwa kaa wengine, na wanawe wa kiume walizaliwa na gando lile. Majike walibaki kama walivyokuwa, na magando yao mawili madogo yaliyo sawa. Wanakula kwa yote mawili, na dume anapowapungia, mara nyingi hawamtazami.

Na tangu siku hiyo, mlinzi wa maji wa Mkiani hupewa sehemu yake kwanza, chaza wazima, kabla ya mchimbaji yeyote, na kijiti kikishachomekwa hufungiwa mawe chini, asikiguse mtu mpaka wote wamerudi. Tangu siku hiyo kaa wa mikokoni anapunga maji yakiwa yamekupwa, tena kwa bidii, mradi tu njia ni kavu na hakuna aliye hatarini. Maji yakigeuka anaacha. Anaingia kitunduni, anavuta donge la tope, anauziba mlango juu yake. Hawezi kuyatazama yakijaa.

Na mkiwa pale mmechuchumaa, mmoja wenu atataka kumpungia naye. Kila mtoto hutaka. Mzuieni mkono, mumwambie taratibu, bila kumkaripia, kama sisi tulivyoambiwa: mwache. Si wewe anayekuita.